Diski ya nje baada ya kuhama Windows: ijue fomati yake kabla hujabofya kitu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida. Laptop za mtumba zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 hadi cha 7 bado zinapiga kazi vizuri, ila Windows 11 haizikubali rasmi: inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Ndiyo maana mwenye stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, au mpiga picha za harusi wa Ujiji anaishia kuwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, mara nyingi toleo la Mint au Ubuntu. Kuiweka hakuna ugumu. Shida huanza siku anapochomeka diski ya nje yenye picha za miaka mitano, kompyuta ikaikataa, au ikaifungua halafu ikagoma kuandika hata faili moja.

Mteja akifika na hali hiyo atasema, "Kaka, diski imekufa." Mara nyingi haijafa. Diski yenyewe haijui Windows wala Linux. Kinachogomba ni fomati, yaani utaratibu uliotumika kupanga mafaili juu yake, na kila mfumo endeshi una fomati zake unazozipenda na nyingine usizozijua kabisa.

Hatari kubwa ni ujumbe wa kwanza utakaouona. Windows ikikutana na fomati isiyoijua haisemi kwamba haiijui. Inadai diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike, na kitufe cha kukubali kiko hapo hapo chini ya mshale wako. Mac nayo husema haiwezi kuisoma na kukupa kitufe cha kuianzisha upya. Vyote viwili ukivikubali na kuendelea vinafuta. Bofya Cancel, au Ignore kwenye Mac, kisha toa diski na uipeleke kwenye mashine inayoijua fomati hiyo.

Kama tayari umeshabofya, usiandike kitu kingine juu yake. Fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili tu, na data yenyewe hubaki mpaka iandikwe juu. TestDisk na PhotoRec, programu za bure zilizopo kwenye hazina za Linux, zinaweza kurudisha sehemu kubwa, alimradi unayoyaokoa unayaweka kwenye diski nyingine. Fomati kamili ya Windows ni habari tofauti: tangu Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima. Hapo hakuna fundi atakayekusaidia, awe wa Kigoma au wa Dar es Salaam.

Kujua fomati iliyopo

Kwenye Linux fungua teminali, chomeka diski, andika:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL

Utaona kila diski na patisheni zake (sehemu ilizogawanywa), ukubwa, fomati na jina. Ukubwa wa diski yako umeandikwa juu ya kasha. Tafuta patisheni inayokaribiana nao. Hapa pana mtego ambao maelekezo mengi ya mtandaoni huupita: yanakuambia diski ya nje ni sdb. Ni kweli kwenye mashine ambayo diski ya ndani ni ya SATA (muunganisho wa zamani), maana hiyo ya ndani inachukua sda. Lakini kwenye laptop yenye SSD ya NVMe (muunganisho mpya zaidi), ya ndani inaitwa nvme0n1 na ya nje ndiyo inakuwa sda. Ukinakili amri ya kufomati kutoka mtandaoni bila kuangalia, unaweza kufuta kompyuta yenyewe. Kila mara angalia lsblk upya, hata kama ulichomeka diski hiyo hiyo dakika kumi zilizopita.

Kwenye Windows, bofya kulia juu ya diski na uchague Properties. Fomati imeandikwa juu kabisa. Usishtuke ukiona diski ya TB 1 imekuwa GB 931 kwenye Windows halafu TB 1.0 kwenye Mac au kwenye programu ya Disks ya Linux. Hakuna kilichoibiwa; Windows, kama lsblk, inahesabu kwa 1,024 na wenzake kwa 1,000.

Sasa nani anasoma nini. NTFS ni ya Windows. Linux inaisoma na kuiandika, lakini Mac inaisoma tu, haiandiki. exFAT, iliyotoka Microsoft mwaka 2006, inasomwa na kuandikwa na zote tatu: Mac tangu toleo la 10.6.5, na Linux ndani ya kernel yenyewe, yaani kiini chake, tangu 5.4 ya mwaka 2019. FAT32 inasomwa na karibu kila kitu chenye tundu la USB, ila haipokei faili linalofika GB 4. ext4 ni ya Linux. Windows na Mac zenyewe haziioni. APFS na HFS+ ni za Mac. Windows haizijui kabisa. Linux inaisoma HFS+, lakini kwa APFS usiitegemee. Anayeacha Mac ahamishe data yake akiwa bado na Mac mkononi, maana kuazima nyingine huku Kigoma si jambo la kwenda tu duka la pili.

NTFS inayofunguka bila kukubali kuandika

Hili ndilo linalowapata wengi wanaohamia Linux, na karibu kila mara chanzo kiko upande wa Windows.

Kuanzia Windows 8, kuzima kompyuta si kuzima hasa. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup: Windows inalala nusu ili asubuhi iwake haraka, na inaweza kuacha kumbukumbu za diski zilizochomekwa bila kuzifunga. Diski ikichomolewa hapo, au ikichomolewa katikati ya kukopi, NTFS inabaki na alama kwamba haikufungwa vizuri. Linux ikiiona alama hiyo hukataa kuifungua, au huifungua kwa kusoma tu, kulinda data isivurugike. Ukiandika sudo dmesg kwenye teminali, kwenye ujumbe wa kernel utakuta mstari unaosema volume is dirty.

Dawa sahihi iko Windows. Tafuta mashine yoyote yenye Windows, hata ya jirani, fungua Command Prompt kama msimamizi, na kama diski imepewa herufi E andika:

chkdsk E: /f

Acha imalize. Kisha itoe kwa Safely Remove, usivute tu waya. Na kama kompyuta hiyo ndiyo itakuwa inashirikiana na Linux yako kila siku, izime Fast Startup moja kwa moja:

powercfg /h off

Huna Windows karibu? Linux ina ntfsfix:

sudo ntfsfix -d /dev/sdb1

Badilisha sdb1 kulingana na lsblk yako. Lakini ielewe inachofanya: inarekebisha makosa machache na kuondoa alama. Haikagui diski kama chkdsk. Ni sawa kuitumia kama unajua diski ilichomolewa vibaya tu na mafaili yanaonekana yote. Kama folda zimeanza kuwa na majina ya ajabu au diski inatoa sauti ya kugonga, usiiguse. Kopi kwanza unachoweza kukisoma.

Kuna jingine linalofanana na hili kwa sura tu. Diski imetoka kwenye mzunguko wa stesheneri na ina vile virusi vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake. Ukiwa Linux, njia za mkato hizo, zenye mwisho wa .lnk, hazifanyi kazi, na watu hudhani data imeharibika. Bonyeza Ctrl na H kuonyesha vilivyofichwa. Mara nyingi folda za kweli ziko ndani ya folda moja isiyo na jina linaloonekana. Zitoe, futa .lnk zote na mafaili ya .vbs usiyoyajua. Kwa kweli Linux ni mahali pazuri pa kusafishia diski za namna hii, kwa sababu virusi hivyo viliandikwa kwa ajili ya Windows.

Ubadilishe fomati au uiache?

Kama diski yako ni NTFS na kompyuta zinazoigusa ni Windows na Linux tu, iache. Wapo watakaokuambia uende exFAT kwa sababu inasomwa kote. Ni kweli inasomwa kote, lakini exFAT haina jarida, ile kumbukumbu ya kazi inayoendelea ambayo NTFS na ext4 huitumia kujinyoosha baada ya kukatizwa. Kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika katikati ya kuandika, exFAT ina nafasi kubwa zaidi ya kupoteza folda nzima. Msimu wa mvua na radi zake hapa kando ya ziwa si wakati wa kujaribu. exFAT ninaipendekeza pale tu Mac inapohusika, au unapompelekea mtu usiyejua anatumia nini.

exFAT ina gharama nyingine isiyosemwa. Ukifomati diski kubwa kuliko GB 32 kwa Windows bila kubadilisha chochote, kila faili huchukua nafasi kwa vipande vya KB 128. Faili la KB 4 linakula KB 128. Video za harusi hazijali. Lakini ofisi yenye barua na risiti 20,000 ndogo ndogo itaona MB 80 zake zinakula GB 2.5 hivi.

Kama umehama moja kwa moja na diski ni ya akiba ya Linux tu, ext4 ndiyo. Fanya mambo mawili baada ya kuifomati, la sivyo utailalamikia bure. Kwanza, patisheni mpya mara nyingi inamilikiwa na root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kwa hiyo hutaweza kuandika mpaka ujifanye wewe mmiliki. Ifungue kwanza, kisha (AKIBA ni jina ulilolipa patisheni):

sudo chown $USER: /media/$USER/AKIBA

Pili, ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root. Kwenye diski ya TB 1 ni kama GB 50 zimekaa bure. Kwa diski ya akiba ziachie:

sudo tune2fs -m 0 /dev/sdb1

Fahamu pia kwamba ext4 inakumbuka mmiliki kwa namba, si kwa jina. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu au Mint ni 1000. Ukiipeleka diski kwa mtu ambaye namba yake ni 1001, ataona mafaili na huenda asiweze kuyabadilisha. chown tena, na yanakwisha.

Wengi wangefaidika na kugawa diski moja sehemu mbili: ya kwanza NTFS au exFAT ya kutembea nayo, ya pili ext4 ya akiba. Iweke ile ya kutembea mwanzoni, kwa sababu vifaa vingi duni husoma patisheni ya kwanza tu. Na waonye wenye Windows: wakiichomeka, wanaweza kudaiwa kufomati sehemu ya ext4. Ni ujumbe ule ule.

Kubadilisha kwa mpangilio

Hakuna njia salama ya kugeuza NTFS kuwa exFAT au ext4 huku data ikiwa ndani. Windows ina amri ya convert, nayo inageuza FAT32 kwenda NTFS tu, hairudi. Kwa hiyo unahitaji diski ya pili ya kuazima, yenye nafasi inayozidi data yako. Kwanza kopi, pili hakiki, tatu fomati, nne rudisha. Usiruke ya pili.

Hesabu muda kabla hujaanza. Kwenye tundu la USB 2.0, mwendo halisi ni MB 30 hadi 35 kwa sekunde, kwa hiyo GB 400 ni zaidi ya saa tatu. Kwenye USB 3, ambalo mara nyingi ndani yake lina plastiki ya bluu, diski ya kawaida ya inchi 2.5 inaenda kama MB 100 kwa sekunde, saa moja na dakika kidogo. Fanya kazi hii kwenye laptop yenye betri nzima, si ya mezani.

Kwa kukopi, amri ya rsync ni bora kuliko kuburuta na kipanya, kwa sababu ikikatika unairudia na inaendelea na yaliyobaki:

rsync -rtvh --progress /media/$USER/ZAMANI/ /media/$USER/AZIMA/nakala/

ZAMANI na AZIMA ni majina ya diski zako mbili. Mkwaju (/) wa mwisho baada ya ZAMANI una maana: ukiuweka, unakopi vilivyomo, ukiuacha, unakopi folda yenyewe. Na usitumie -a unapoandika kwenye exFAT au FAT32. Fomati hizo hazihifadhi wamiliki, kwa hiyo utajaziwa makosa ya chown ukadhani kopi imeshindikana.

Kisha hakiki:

rsync -rcnv /media/$USER/ZAMANI/ /media/$USER/AZIMA/nakala/

Hii inasoma kila faili pande zote mbili na kulinganisha, bila kuandika chochote. Faili likitajwa kwenye orodha, halijafanana. Ikitoka bila jina la faili lolote, ndipo ufomati. Inachukua muda karibu sawa na kukopi, na kishawishi cha kuiruka saa mbili usiku ni kikubwa.

Unapofomati kwa Linux diski itakayotumika Windows, tumia programu ya Disks badala ya kukimbilia mkfs, amri ya kufomati. mkfs inabadilisha fomati lakini haigusi aina ya patisheni iliyoandikwa kwenye jedwali, yaani orodha ya patisheni za diski. Patisheni ikibaki imeandikwa kuwa ya Linux, Windows inaweza isiipe herufi hata kama ndani ni exFAT safi kabisa, na utakaa unabadilisha nyaya bila sababu.

Majina ya mafaili nayo yana lake. ext4 inakubali karibu alama yoyote. NTFS na exFAT za Windows hazitaki nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota wala alama za kunukuu. Folda uliyoiita "Harusi 12:30" itakwama. ext4 pia inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Picha.jpg na picha.jpg ni mafaili mawili. Ukiyapeleka NTFS na kuyafungua Windows, moja linaweza kufunika jingine. Yarekebishe kabla ya kukopi. Ukikuta mafaili yanayoanza na nukta na mstari wa chini, ni ya Mac, hayana picha ndani, yafute tu.

Na ukimaliza, usichomoe kwa sababu mstari wa maendeleo umefika mwisho. Linux huweka data kwenye RAM kwanza kisha inaimwaga taratibu, kwa hiyo dirisha linaweza kusema tayari huku GB 2 bado ziko njiani. Bofya Eject na usubiri itamke kwamba ni salama. Dakika mbili za kimya hapo ni za kawaida.

Nywila na kibodi

Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la nywila la Windows, haihitaji kurudi Windows. Programu ya Linux iitwayo cryptsetup inaifungua tangu toleo la 2.3.0 la mwaka 2020, kwa hiyo Mint na Ubuntu za sasa zitakuuliza nywila ukiibofya. Ikikataa nywila unayoijua, angalia kibodi kwanza. Laptop zinazovuka kutoka Bujumbura au Kalemie huja na kibodi za AZERTY. A na Q zimebadilishana, Z na W pia, na namba zinahitaji Shift. Linux ikiwa imewekwa kwa mpangilio wa Kiingereza, unachobonyeza sicho kinachoandikwa, na vidoti kwenye kisanduku havikuonyeshi. Andika nywila kwanza kwenye faili tupu la maandishi uone inavyotoka, kisha ulifute.

Ikiwaka na kuzimika yenyewe

Kabla ya kulaumu fomati, sikiliza. Diski ya inchi 2.5 inakunywa umeme wote kutoka USB. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500, la USB 3 ni 900, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampia nzima. Ikipungukiwa, inagonga, inatokea, inapotea. Jaribu tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, toa habu, tumia waya mfupi uliokuja nayo. Nyaya nyembamba za mita moja na nusu zinazouzwa bei poa ndizo chanzo cha "diski mbovu" nyingi. Kama bado inagonga kwenye tundu zuri, angalia afya yake:

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, safu ya mwisho kabisa. Zote zikiwa 0, endelea. Ya pili ikiwa na namba, na hasa ikiwa inaongezeka, acha habari za kufomati, kopi data leo.

Mwisho, televisheni na sabufa. Nyingi hazijui exFAT, sabufa nyingi husoma FAT32 pekee, na vifaa vya zamani havielewi GPT, aina mpya ya jedwali la patisheni. Usibadilishe diski ya TB 1 kwa ajili ya sabufa. Chukua flashi ya GB 16, ifomati FAT32 yenye jedwali la aina ya zamani, MBR, uiwekee nyimbo, na diski uiache kabatini.